Sauna ya Mzungu wa Kathonzweni

Waruguru aliweka mkono kwenye mbao za ile sauna kubwa akazikuta zina joto, ilhali ndani ya jiko lake hamkuwa hata na jivu.

"Ni jua," mumewe Ng'ang'a alisema.

Lakini tangu asubuhi kulikuwa na mawingu.

Ilikuwa mwaka wa 1986. Mgongo ulikuwa umemtesa Waruguru tangu azae kitinda mimba, na daktari alimshauri atafute joto. Huko Kathonzweni, Mzungu mmoja mchimba visima alikuwa anarudi kwao Ufini, akiacha sauna mbili: vibanda vya mbao ambamo mtu huketi atokwe na jasho, mawe ya moto yakimwagiwa maji. Ndogo ilikuwa imepasuka ubavuni. Kubwa haikuwa na kasoro.

Mutindi, mpishi wa yule Mzungu, alimvuta kando. "Mama, chukua hiyo ndogo."

"Si imepasuka?"

"Ufa unazibwa. Hiyo kubwa mwenyewe hajaingia mwaka mzima. Na bado tunasikia maji yakimwagwa huko ndani."

Waruguru alimtazama vizuri. Pengine huyu anaitaka yeye. Wakachukua kubwa, wakaisimamisha nyuma ya duka lao pale Malili.

Jioni ya kwanza joto lilimlainisha mgongo hata akaanza kusinzia. Kisha maji yakalia juu ya mawe, tsss, ilhali kata ya kuchotea maji ilikuwa bado kavu mkononi mwake. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Ubao aliokalia ukabonyea kando yake, taratibu, kama mtu mnene anapoketi, na mvuke uliokuwa ukipanda darini ukaanza kupinda, ukizunguka kitu asichokiona, bega, shingo, kichwa kilichoinama karibu kumsikiliza anavyopumua, naye akatambaa hadi mlangoni bila kuthubutu kugeuka.

Kesho yake mchana Pastor Musyoka alifika na waumini. Waliimba, wakaomba, kisha akaamuru, "Toka, kwa jina la Yesu."

Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, bila hasira. "Niende wapi? Si wao ndio wamenichagua?"

Waliibomoa siku hiyo hiyo, wakaichoma ubao baada ya ubao.

Jumapili, Waruguru aliposimama kanisani kuimba, mgongo haukumuuma hata kidogo.

"Umepona?" Ng'ang'a alimnong'oneza.

Chini ya gauni, vidole vyenye joto vilikuwa vikimsugua kiunoni, polepole, bila haraka yoyote.