Mpira Mwekundu wa Jiko la Arvid

Moto ulikuwa umeshazimwa Lorna Haugen alipofika kambini kando ya Ziwa Vermilion. Jiko la petroli la shemeji yake Arvid, alilolifufua Lorna mwenyewe kwa kubadilisha ngozi ya pampu na mipira yote ya kuzuia mvujo, lilikuwa mchangani, jeusi tii. Karin, binti wa Arvid, alikuwa akimwagia maji hema lililoungua nusu. Mezani, achari ya matango ya Arvid ilivuja hadi kwenye mkate.

"Samahani, Lorna, lakini hii ni kazi ya mikono yako," alisema Duane, mwenyekiti wa klabu ya majiko ya kale. "Nani atakuamini tena na jiko lake?"

Klabuni humo Lorna hakuwa na kingine ila jina lake la fundi.

"Jana nani alijaza mafuta?"

"Mimi. Nikafunga kifuniko cha tangi kwa vidole," alijibu Duane.

Lorna alikitazama. "Kina alama za meno ya plaizi."

"Plaizi! Kwenye shaba ya mwaka arobaini na nane? Mimi nina wazimu?"

Lorna alimwamini, kwani Duane hata kuifuta shaba yake huvaa glavu. Akafungua kifuniko. Mpira mweusi aliouweka, usioliwa na petroli, haukuwemo. Kulikuwa na kipande chekundu, kimevimba na kulainika kama uji. Alikwenda mezani, akainua kifuniko cha chupa ya achari. Pete yake nyekundu ya mpira ilikuwa imekatwa.

"Shemeji, nionyeshe vidole vyako."

Arvid alivificha mfukoni. "Acha utani, Lorna."

"Sina utani. Vinakufa ganzi, sivyo? Ndiyo maana ukatumia plaizi."

Mzee alishusha pumzi. "Nilitaka kuongeza mafuta usiku, wenzangu wamelala. Mpira ukaniponyoka, ukazama ziwani. Nikakata wa achari."

"Na mbona ukanyamaza, wananisema mimi?"

"Karin angejua mikono imekwisha. Asingeniacha niende na mtumbwi peke yangu tena."

"Kwa hiyo mimi ndiye nichafuke? Aisee, Arvid, umeniumiza!"

Arvid aliwageukia wenzake, machozi yakimlengalenga. "Kazi ya Lorna ilikuwa safi. Nimeiharibu mimi, na nikawaacha mumseme."

Duane alivua kofia, akaomba radhi. Arvid alikwenda ufukweni, akachukua kasia lake kwa mikono miwili, akamkabidhi binti yake.