Pole ya Nini?

Utepe uliozunguka kichwa cha Yuditha uligeuka kutoka mwekundu ukawa wa kijani, na papo hapo mikono yake ikaacha kutetemeka. Uwanja mzima wa Babati ukashangilia. Kila mtu alijua maana ya kijani: hofu imezimwa.

Waliuita kizimahofu. Ulikuwa mwembamba kama utepe wa nywele, nao ulisikiliza ubongo. Wazo lolote lililotaka kumpunguzia mkimbiaji mwendo, ulilinyamazisha kabla halijafika miguuni. Dakta Restituta, mtaalamu wa saikolojia ya michezo, aliubuni kwa huruma tu. Alikuwa amechoka kumwona Yuditha akitapika kabla ya kila shindano, huku yeye akimshikia kichwa na kumpangusa midomo.

Mbio zikaanza. Kwenye kona ya mwisho Filomena, aliyelala naye chumba kimoja kambini na kumsuka nywele kila Jumapili, alijikwaa akaanguka mbele yake. Yuditha alimruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akamaliza wa kwanza.

"Mama, umeniona?" alimwuliza Restituta, meno nje.

"Nimekuona, mwanangu. Umeshamwendea mwenzio?"

"Yupi?"

"Filomena. Goti limeteguka. Nenda kampe pole."

Yuditha alikunja uso. Hakukasirika, hakuelewa tu. "Pole ya nini? Kwani mimi ndiye niliyemwangusha?"

Restituta akamkodolea macho. Tangu lini pole ikawa ya mkosaji? Hata mtoto anayejifunza kusema, ukijikwaa mbele yake, atakwambia pole. Kisha akaelewa. Mazoezini, kila Filomena aliposhikwa na kichomi, Yuditha alipunguza mwendo amsubiri. Utepe uliona, ukajifunza. Kwa utepe huo, hofu na huruma vilikuwa kitu kimoja: vyote huchelewesha miguu.

Akanyoosha mkono auvue. Kocha Hhando akaudaka mkono wake.

"Dakta, usithubutu! Fainali ni Jumamosi. Huyu bila utepe ni kuku aliyenyeshewa!"

"Afadhali kuku, Hhando. Kuku hulalia hata mayai ya bata."

Akauvua. Hofu ikarudi kama mgeni anayeijua njia. Mikono ya Yuditha ikaanza kutetemeka upya. Restituta alimshika kiwiko, wakaenda taratibu hadi kwenye machela inayojiendesha, alipolazwa Filomena. Msichana yule alikuwa akiuma midomo kwa maumivu. Lakini alipoiona ile mikono, akasahau goti lake.

"Imeanza tena? Pole, dada. Pole sana. Lete hapa." Akaikumbatia kwa mikono yake miwili.

Yuditha alifungua mdomo. Akaufumba. Akaufungua tena. Restituta alitamani kumsaidia neno, akajizuia.

"Filomena," Yuditha alisema hatimaye, machozi yakimlenga, "huwa... huwa nasema nini hapa?"

Filomena akamgeukia Restituta. Restituta akainamisha macho: hofu ilikuwa imerudi peke yake, bila huruma. Mkononi mwake, utepe ulikuwa bado unawaka kijani, kana kwamba haujavuliwa.