Sauti ya Babu Séverin kwenye Tableti

Kila Jumamosi asubuhi Larissa, msichana wa miaka kumi na miwili, alifuatana na babu yake hadi ukumbi wa kanisa huko Overport. Hapo watoto wa Kikongo waliozaliwa Durban walijifunza Kiswahili. Vitabu havikuwapo. Wakubwa wa elimu waliandikiwa barua tatu, wala hakuna aliyejibu. Wenye viti vya kuzunguka hawana haraka na watoto wa wageni. Basi Mwalimu Kendi, Mkenya aliyesoma chuo kikuu, akaanza kutengeneza masomo ya tableti: mtoto anagusa picha, anamsikia mzee akieleza kitu hicho.

Larissa alipewa kazi ya kumrekodi babu yake, Séverin, mlinzi wa ghala kule Mobeni. Mzee alizieleza picha kumi kwa moyo wote, huku akikohoa na kusema "iko hivi" kila mara. Larissa akaona haya. Akafuta yote, akaiachia simu isome maneno kwa sauti ya mashine, kisha akaandika chini yake: Babu Séverin.

Siku ya kuonyesha masomo, babu alivaa suti yake ya harusi. Kendi akagusa picha ya kinu.

"Kinu. Chombo cha kutwangia," ilisema mashine.

"Eish, Larissa! Babu yako amemeza simu?" Peguy, mmoja wa wanafunzi, akaangua kicheko, na darasa zima likamfuata.

Mzee alimgeukia Kendi. "Mwalimu, hii haiko sauti yangu. Uliikataa?"

"Hapana, mzee wangu. Hiyo ndiyo niliyoletewa."

Larissa angeweza kusema simu iliharibika, na wangemwamini. Lakini babu aliinamisha kichwa. "Si kitu," alinong'ona. "Mie sikusoma."

Maneno hayo yalimchoma Larissa. "Nilifuta mimi, babu! Niliogopa watanicheka. Unisamehe."

Kendi akamvutia mzee kiti, akaiweka tableti irekodi. "Tuanze upya, babu."

Mzee akakohoa. "Kinu, batoto. Iko ya kutwanga sombe, majani ya muhogo. Ukisikia tu! tu! tu! unajua leo mutakula."

Wadogo wakapiga mabenchi: tu! tu! tu!

"Rudia, babu!" Peguy alipaza sauti.

Babu akamshika Larissa mkono. "Aksanti kwa kusema kweli mbele ya watu. Ungeficha, ningerudi nyumbani nikiamini sifai kitu. Usione haya kwa watu wako, mjukuu wangu. Na ukikosea, sema mapema."

"Aksanti, babu."

Zilibaki picha tisa. Larissa alizirekodi zote, na kikohozi hakukikata.