Tochi Mgongoni mwa Mama

Kila Jumamosi asubuhi Dorine alichemsha chai, akakata mkate, kisha akakaa mlangoni kupangusa vifaa vya mama yake. Watoto wengine wa Gatongora, mtaani kwao Ruiru, huamkia kuosha vyombo na kufua soksi. Yeye alipangusa miwani ya maji, mapezi ya kuvaa miguuni, mkanda wa vyuma vya uzito, na mwisho mtungi wa hewa. Mtungi aliupiga kofi dogo, kama mtu anayemswaga ng'ombe mvivu.

"Na umrudishe nyumbani," aliuambia.

Mama yake, Aketch, alikuwa mpiga mbizi. Si wa baharini, maana bahari iko mbali sana na Ruiru. Yeye alizama katika mabwawa ya mashamba kusafisha machujio ya mabomba ya maji yanapozibwa na magugu na nyavu kuukuu. Huko chini hakuna samaki wa rangi. Ni matope matupu. Ukiuleta mkono mbele ya uso, huuoni.

Zamani mama alizama akiwa amesheheni. Alivaa jaketi nene lenye mifuko kila mahali, tochi kubwa ikining'inia huku, filimbi kule, mfuko wa zana ubavuni na kisu mguuni. Dorine alipenda kumwona hivyo. Alimwona kama askari anayekwenda vitani, na kwa hesabu zake askari mwenye silaha nyingi ndiye anayerudi.

Lakini tangu mwanzo wa mwaka mama alianza kupunguza. Filimbi ilitangulia, halafu mfuko wa zana. Kila alipoondoa kitu alikwenda kwanza kufanya mazoezi katika bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini Thika, mpaka mikono ikazoea, ndipo akagusa kingine. Kisu kikahama mguuni kikaja kiunoni. Tochi kubwa ikampisha ndogo iliyobanwa kifuani. Mwishowe hata jaketi likaenda, badala yake akavaa bamba la chuma la kushikilia mtungi mgongoni na mkanda mmoja uliozunguka mabega na kiuno. Vyote vilivyoondolewa viliishia kwenye beseni la bluu chini ya kitanda. Beseni lilizidi kujaa, na Dorine alizidi kuogopa.

Alikuwa na sababu. Shuleni, Gachau wa darasa lao alisimulia habari za kijana aliyezama akafa katika machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua. "Hakuwa na kitu chochote cha kumsaidia!" Gachau alisema, macho yamemtoka. Tangu siku hiyo Dorine alimwona mama yake katika kila usingizi, akishuka bila kitu. Kumwuliza aliogopa. Je, kama jibu lingekuwa baya kuliko ndoto?

Basi asubuhi hiyo, mama alipokuwa akioga, Dorine aliitoa ile tochi kubwa kwenye beseni, na kamba yake ndefu na klipu yake, akaificha ndani ya sweta.

Bwawa la siku hiyo lilikuwa katika shamba moja huko Gatuanyaga. Njia ilikuwa vumbi tupu, na walipofika hata kope zao zilikuwa nyekundu. Pampu ilikuwa imezimwa. Njau, mpiga mbizi mwenzake mama, alikuwa amekwisha kuvaa, tayari kuingia iwapo kungetokea shida. Mzee Mbuvi, mshika kamba inayofungwa kiunoni mwa mpiga mbizi, alikuwa ameketi ukingoni.

"Sasa, Dorine?" Njau alimsalimu.

"Poa, anko," Dorine alijibu, akiikumbatia sweta.

"Mbona umejikunja hivyo? Baridi ya wapi na jua lote hili?"

Dorine alicheka kicheko kikavu. Njau alimkagua mama toka kichwani hadi miguuni, akivuta kila mkanda na kupapasa kila mpira wa hewa. "Safi. Hakuna kinachoning'inia," alisema.

Baada ya ukaguzi ilikuja sala, kama kawaida. Mama aliketi ukingoni, Dorine akasimama nyuma yake na kuweka mkono juu ya mtungi. Mzee Mbuvi akavua kofia. Wote wakafumba macho, isipokuwa mmoja.

"Mungu Baba, tunakuomba umlinde mama," Dorine alisali, huku mkono wa pili ukitoa tochi na kuibana kwenye mkanda, chini ya mtungi. Klipu ililia kidogo. Alikohoa kuificha sauti yake. "Amina."

"Amina," walijibu watu wazima kwa moyo mmoja.

Mama akaingia majini. Mapovu yakapanda, yakasogea kuelekea bomba. Kila baada ya muda kamba ilivutwa mara moja, na Mzee Mbuvi akatangaza, "Yuko salama." Dorine alianza kupumua vizuri. Hata alijipongeza kimoyomoyo.

Kisha kamba ikakaa kimya. Halafu ikavutwa, ikavutwa tena, mfululizo, bila kupumzika.

"Amenaswa!" Mzee Mbuvi alisimama wima.

Mapovu yalikuwa yakipanda mahali pamoja tu, mengi na ya haraka, kama sufuria inayotaka kufurika.

"Ni nyavu," Njau alisema akivaa miwani. "Nitaanzia miguuni, mapezi ndiyo hushikwa. Mgongoni hana kitu, nimemkagua mwenyewe."

Dorine alisikia maneno hayo. Njau angepapasa miguu gizani huku hewa ya mama ikiisha. Akisema, kila mtu atajua ni yeye. Asiposema, hakuna atakayejua kamwe. Njau alikwisha kukanyaga maji.

"Mgongoni!" Dorine alipiga yowe. "Anko, mgongoni! Kuna tochi! Niliifunga wakati wa sala!"

"Ngai!" Njau aligeuka. Uso ulimbadilika, lakini hakugomba. "Upande gani? Kamba yake ni ndefu?"

"Kushoto, chini ya mtungi. Ndefu. Ile kubwa ya zamani."

Njau akazama.

Kungoja kule, Dorine hakukusahau maisha yake yote. Alipiga magoti vumbini akilia waziwazi. Sasa hakujua hata aombe nini, maana sala yake ya kwanza ilikuwa ya uongo. "Nisamehe," ndilo neno pekee lililomjia. Mzee Mbuvi alishika kamba kwa mikono miwili, macho majini.

Kamba ikavutwa mara moja.

"Yuko salama," mzee alisema, na sauti yake ikakwaruza.

Vichwa viwili vikatokea. Mama alitambaa hadi ukingoni, akavua miwani, akalala chali akihema. Njau akaiweka ile tochi kando yake. Kamba yake ilikuwa imekatwa, na kipande cha wavu kimejisokota humo.

"Mama, ni mimi," Dorine alisema kabla hajaulizwa. "Niliogopa. Uliondoa kila kitu."

Mama alimtazama. Hasira ilikuwepo machoni, na hofu pia. Dorine hakuwahi kumwona mama yake akiogopa.

"Wavu ulishika kamba hii," mama alisema. "Nilipapasa nyuma, mkono haukufika. Nilipogeuka, nikajifunga zaidi. Nilijiuliza, ni kitu gani hiki, na mimi najua kila kilicho mwilini mwangu?"

Dorine alizidi kulia. Mama akamvuta kwake, matope na yote.

"Nyathina," alimwita, neno la kwao la kumwita mwana. "Vya kuniokoa sikuviondoa. Kisu ninacho, mdomo wa pili wa kupumulia ninao, kamba ninayo, na Njau yuko juu. Nilichoondoa ni vile vya kunaswa. Nilienda polepole ili mikono ijue kila kitu kilipo hata gizani. Ungeniuliza, ningekuonyesha."

"Niliogopa kuuliza."

"Najua. Kuficha kwako kulikaribia kuniua, na sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Lakini ulisema wakati kusema kulikuwa kugumu, na Njau akaja moja kwa moja pale penye shida. Ndiyo maana tunazungumza. Siku nyingine ukiogopa, hofu yako niambie usoni. Usinifungie mgongoni."

Njau alimaliza kazi ya chujio siku hiyo, na pampu ikawashwa.

Jumamosi iliyofuata, kwenye bwawa jingine, Dorine aliweka mkono juu ya mtungi kama kawaida. Lakini Mzee Mbuvi, kofia mkononi, aliinua kidole.

"Leo tunaomba kwanza," alisema. "Ukaguzi ni baada ya amina."

Walicheka wote, na Dorine pia, ingawa machozi yalimlenga. Walipomaliza kusali, mama alimgeuzia mgongo. "Nikague wewe," alisema.

Dorine alipapasa mkanda, bamba, kila kona ya mtungi, polepole.

"Mgongoni?" mama aliuliza.

"Hakuna kitu, Mama," alijibu. "Lakini bado naogopa."

"Asante kwa kuniambia," mama alisema, akavaa miwani, akaingia majini.