Kimya cha Idarus

"Simu ya mchumba wako Idarus iko wapi?" Mzee Awadh alimuuliza bintiye. "Aliapa atatuma simu ya upepo kutoka melini kabla ya Ijumaa, amtaje wakili wa kumpokelea nikahi. Leo Ijumaa, na laasiri imepita."

"Meli zote zimenyamaza, baba," alisema Intisar. "Muulize Bwana Fakhruddin."

Fakhruddin, mwenye duka ng'ambo ya kichochoro, alikuwa akiipiga makofi redio yake. Tangu juzi ilichemka kama mafuta ya bajia.

"Karani wa posta asema jua lina madoa, Mzee. Likichafuka, mawimbi ya angani huchafuka nalo. Hata wakati wa vita haikuwa hivi. Nami nimemtukana bure aliyeniuzia."

"Jua ni lile lile lililokausha kanzu yangu asubuhi," alisema Mzee Awadh. "Kijana amekataa. Faraj yuko tayari."

Faraj, sahibu yake Idarus, alikuwa keshaketi ukumbini, kanzu mpya, akifukizwa udi. Ndiye aliyeleta habari kwamba Idarus ana mwanamke Karachi.

Mashahidi wakasimama nyuma ya pazia.

"Intisar, waridhia babako akuoze Faraj?"

Intisar aliketi, akasimama, akaketi tena. Shangazi yake Shariffa akamshika mkono.

"Nyamaza tu, mwanangu. Kimya cha mwari ni ridhaa."

"Kimya changu ni ndiyo, cha Idarus ni la?" Akapaza sauti. "Siridhii."

"Wanivunjia heshima mbele ya watu," baba akanguruma.

"Siridhii, baba."

Walibishana hadi magharibi ikakaribia. Mara redio ya Fakhruddin ikakohoa, na sauti ya mtu ikatoka safi.

"Bombay hiyo," Fakhruddin aliita. "Mawimbi yamerudi."

Intisar akakimbilia dirishani, akabaki hapo hapo. Baadaye kidogo tarishi wa posta akapiga hodi. Mzee, aliyesahau miwani, akampa Faraj ile simu. Faraj akaisoma moyoni, akaikunja.

"Isome, bwana."

"Mzee, tungoje..."

"Isome."

"'Nimemwakilisha Faraj anipokelee nikahi. Sina ndugu zaidi yake. Idarus.'"

"Na yule mwanamke wa Karachi?" Mzee alimuuliza.

Faraj aliutazama mkeka. Kisha akainuka aende zake.

"Keti," alisema Mzee Awadh. "Kanzu unayo, udi umeshafukizwa. Lete mkono umpokelee mwenzako."

Mashahidi wakarudi nyuma ya pazia.

"Intisar, waridhia babako akuoze Idarus?"

Safari hii hakusema neno.