Mke wa Kwenye Filamu Alimficha Mumewe, Mimi Wangu Nilimtoa

Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, naishi Kihesa, Iringa. Nina mtoto mmoja tu, Neema, mwalimu wa sekondari. Haya sikuwahi kumwambia hata mchungaji wangu... Mkimaliza kusoma mnitukane mkipenda. Nastahili!

Niliolewa Uyole, Mbeya. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa dereva wa lori, akisomba mpunga kutoka Ubaruku. Jumapili alinipeleka kwenye banda la video. Kulikuwa na filamu moja ya kukimbizana ambayo Uyole nzima iliipenda. Mwanaume anatuhumiwa kuua, anakimbia milimani, askari na mbwa nyuma yake!

Kiingereza hatukukijua. Mtafsiri alisimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akitueleza kila kitu. Mkanda ulikuwa umeliwa na deki ya video, mwisho wake chenga tupu, picha haionekani, hivyo alitumalizia kwa mdomo wake. Eti jamaa kweli aliua! "Mtu akikimbia, ujue amefanya!" alipaza sauti, nasi tukapiga makofi.

Neema akiwa na mwaka mmoja, mchana mmoja baba yake aliingia kwa mlango wa nyuma, shati limechanika, anahema. Alisema pale Igawa pikapu iliyokuwa mbele yake ilimgonga mzee wa baiskeli na kutokomea. Yeye akasimamisha lori, akashuka kumsaidia. Watu walipofika wakamkuta yeye peke yake... wakaokota mawe. Akakimbia. Dereva gani wa barabara ile angebaki? Akadandia lori la mwenzake hadi nyumbani. Aliniomba nimfiche mpaka bosi wake afike, waende polisi pamoja.

Nikamfungia kwenye stoo ya viazi. Nikakaa jikoni nikiwaza. Kama hana kosa, mbona amekimbia? Mbona ameacha lori barabarani? Jamani, kichwani mwangu alikuwa anaongea yule mtafsiri! Nikambeba mtoto mgongoni nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Nikarudi na mgambo, nikaifungua stoo kwa mkono wangu mwenyewe.

Hakubishana. Walipomfunga kamba aliniangalia, akasema, "Mama Neema, mtoto amekula?" Basi.

Alifungwa. Mahakamani kule kukimbia ndiko kulikommaliza, nami nilisimama nikathibitisha kuwa alikuja kujificha. Baada ya miaka miwili mwenye pikapu akakiri, Baba Neema akaachiwa. Mnadhani nilimfuata kumwomba msamaha? Thubutu! Aibu ilinizidi, nikahamia Iringa. Mtoto alipoanza kuuliza, nikamwambia baba yake alikufa. Na nilijua kabisa kwamba yuko Ubaruku, kwenye mashine ya kukoboa mpunga! Kila siku nilijitetea kwamba nilidanganyika, na mwingine yeyote angedanganyika.

Mwaka jana, Jumapili moja baada ya ibada, Neema akawasha televisheni. Ile filamu! Nzima, safi, bila chenga. Nikafurahi kama mtoto, nikamwambia niliitazama ujanani. Akawa ananitafsiria taratibu. Tukafika pale mkanda wetu ulipoishia... Jamaa anafika kwa mkewe. Mke anamficha zizini, anawatazama askari usoni, anasema hajamwona. Na jamaa hakuua! Hakuua kabisa!

Neema akafuta machozi. "Huyo ndiye mke, mama," akasema.

Nikaangua kilio, nikasema yote. Kwa nini siku ile? Labda nilitaka anionee huruma, aseme kosa ni la mtafsiri. Hakusema hivyo. Aliniuliza swali moja tu, "Mama, mtafsiri alimjua baba? Si wewe ndiye uliyemjua?"

Kesho yake alipanda basi kwenda Ubaruku, akamkuta. Niliomba niende nikapige magoti. Jibu nililetewa na Neema: hana kinyongo na mimi, ila nisikanyage kwake.

Mwezi uliopita ilikuwa sendoff ya Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Baba yake ndiye aliyemshika mkono kuingia ukumbini. Mimi nililetewa kadi na mtu wa kamati, kama jirani. Juu yake imeandikwa "single", yaani ya mtu mmoja. Mama mzazi! Nilikaa meza ya nyuma na watu nisiowafahamu.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Mtu wako akikujia anahema, msikilize yeye kwanza. Usimpime kwa hadithi za video wala maneno ya mtaani. Unajua anavyokula, anavyosali, anavyombeba mtoto... ushahidi gani mwingine unautaka? Na kama umeshamkosea, mwombe msamaha leo, usijitetee miaka karibu thelathini kama mimi. Neema anampigia baba yake simu kila jioni. Mimi ananitumia salamu kwa ujumbe.