Kwa Nini Asali ya Ciakuthii Iliganda

Ciakuthii alikuwa mfugaji wa nyuki. Aliishi Mbeere, sehemu ya chini ya Embu, ambako jua ni kali na mahindi hukauka kabla ya kubeba. Mbuzi na nyuki ndio waliolisha nyumba yake.

Jua likipoa, yeye na mumewe Nthiga walivaa nguo nzito na kofia za wavu, wakaenda kwenye mizinga. Nthiga alipuliza moshi. Ciakuthii alifungua mzinga na kutoa masega. Alichukua yale tu ambayo nyuki walikuwa wameyafunika kwa nta, kwa sababu hayo ndiyo yameiva. Kisha aliyachuja kwa kitambaa safi. Hakuchemsha. Hakuongeza kitu. Kila chupa aliiandika jina lake kwa mkono, kwa herufi kubwa, naye alipenda kuliona jina hilo likiwa limekaa pale.

Asali hiyo aliipeleka kwa Gladwell, mwenye duka la vyakula katika mtaa wa Majimbo, mjini Embu.

Mwezi wa saba, baridi ilipoingia mjini, Gladwell alipiga simu.

"Mama Kithaka, njoo uone asali yako."

Ciakuthii, ambaye mtoto wake wa kwanza aliitwa Kithaka, alifika kesho yake. Chupa zilikuwa zimepangwa kwenye kaunta. Asali haikumiminika tena. Ilikuwa imekuwa nyeupe na ngumu, imejaa chembechembe.

"Wateja wamerudisha," Gladwell alisema. "Wanasema umetia sukari."

"Mimi? Sukari?"

"Mama, sikiza. Asali iliyotiwa sukari inaganda. Si ndio?"

"Pengine inaganda."

"Na hii yako imeganda?"

"Imeganda."

"Basi imetiwa sukari. Sasa mimi nitasema nini tena? Chukua chupa zako. Usiniletee zingine."

Ciakuthii aliinua chupa moja, akaigeuza. Alijua hajatia sukari hata kijiko. Lakini maneno ya Gladwell yalikuwa yamepangwa, moja nyuma ya lingine, na hakuona pa kupenya. Alizibeba chupa zake huku wateja wawili wakimtazama.

Habari ilitangulia nyumbani. Jumapili, nje ya kanisa, mwanamke mmoja alimuuliza kwa kicheko kama nyuki wake siku hizi wanakunywa chai. Watu wakacheka. Ciakuthii alitembea hadi nyumbani bila kugeuka.

Mchana huo Mukami, binti wa jirani, alikuja kuwasalimu. Mukami alikuwa mwalimu wa chuo mjini Embu. Alifundisha falsafa, na hasa lile somo la kupima hoja ambalo huitwa mantiki. Alimkuta Ciakuthii hajagusa chakula, na Nthiga ameshika fimbo, yuko mlangoni.

"Baba Kithaka, unaenda wapi na fimbo?"

"Kwa Njue."

Njue pia alifuga nyuki, ng'ambo ya kijito.

"Ni yeye aliyeniharibia jina kwa wateja," Ciakuthii alisema. "Ni nani mwingine?"

"Baba, keti kwanza," Mukami alisema. "Mama, niambie maneno ya Gladwell vile alivyoyasema. Usipunguze."

Ciakuthii aliyarudia. Asali iliyotiwa sukari huganda. Asali yako imeganda. Basi imetiwa sukari.

"Haya," Mukami alisema. "Hiyo ni hoja. Maneno mawili ya kwanza ndiyo msingi wake. La tatu ni hitimisho, yaani lile analotaka ukubali. Sasa niambie. Kila mbuzi anakula majani?"

"Anakula."

"Punda wenu naye anakula majani?"

"Tena ya jirani!" Nthiga alidakia.

"Basi punda wenu ni mbuzi."

Ciakuthii alimtazama, kisha akacheka. Tangu atoke Majimbo hakuwa amecheka.

"Mukami, mwanangu, punda atakuwaje mbuzi?"

"Lakini msingi wote ni kweli. Mbuzi anakula majani. Punda anakula majani. Mbona unakataa hitimisho?"

Ciakuthii alifikiri. "Kwa sababu si mbuzi peke yake anayekula majani."

"Sasa rudi kwa asali."

 Midomo ya Ciakuthii ilikuwa ikitembea kidogo kidogo. "Tuseme yenye sukari inaganda," alisema polepole. "Lakini yeye hajasema ni yenye sukari peke yake inayoganda. Hata ile safi inaweza kuganda."

"Na ndivyo ilivyo. Asali safi nyingi huganda, hasa mahali pa baridi. Hapa kwenu kuna joto ndiyo maana hamjazoea kuona."

"Kwa hivyo amenionea!"

"Hoja yake imekuonea. Ukisikia hoja, uliza mambo mawili. Kwanza, msingi wake ni wa kweli? Pili, hata ukiwa wa kweli, hitimisho linafuata kwa lazima? Angalia hii nyingine. Kila mbuzi anakula majani. Huyu ni mbuzi. Basi anakula majani. Unaweza kuikwepa?"

"Hiyo siwezi. Imefunga."

"Hiyo ndiyo hoja iliyonyooka. Ile ya Gladwell imeshika kamba upande wa mkia: inatoka kwenye kuganda ikirudi kwenye sukari." Mukami aliitazama fimbo. "Na Njue, mama?"

"Njue? Yule aliyewaambia wateja natia sukari lazima alikuwa Embu. Njue alikuwa Embu siku hizo. Basi Njue ndiye..."

Alikatiza. Nthiga alimwangalia mkewe, akaangalia fimbo, akaiegemeza ukutani.

"Aii," Ciakuthii alisema. "Na mimi nimefanya vilevile."

Alivuta sahani ya chakula karibu. Kisha akauliza, "Nikimwambia Gladwell haya, atanunua?"

"Utakuwa umeonyesha kwamba hoja yake haithibitishi kitu. Lakini kuganda hakusemi asali ni mbaya, na hakusemi ni safi. Usafi wake itabidi uuonyeshe kwa njia nyingine."

Njia hiyo Ciakuthii aliipata mwenyewe. Alivuna masega mapya, akayafunga yakiwa mazima na nta yake juu, akayapeleka Majimbo. Gladwell alipomwona alikunja uso.

"Mama Kithaka, nilisema..."

"Sijaleta asali ya kuuza. Nimeleta swali. Nipe chupa yako mwenyewe, na hawa wateja waangalie."

Mbele yao alikata nta na kuyachuja masega ndani ya chupa ya Gladwell.

"Kuna sukari hapa?"

"Hapana, nimeona mwenyewe."

"Ifunge. Weka alama yako. Ikae kwako. Kama ni sukari peke yake inayogandisha asali, hii haitaganda. Ikiganda, basi si sukari peke yake. Nawe utawaambia watu hivyo."

Gladwell alichukua kalamu, akaweka alama kwenye kifuniko. "Sawa," alisema.

Baridi ya mwezi wa nane iliingia hadi kwenye mifupa. Siku moja simu ikalia.

"Mama Kithaka," Gladwell alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Imeganda. Alama yangu iko vile vile. Nilikukosea."

Ciakuthii alienda na chupa zake zile. Alimwonyesha Gladwell jinsi ya kuiweka chupa ndani ya maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, yasiyochemka, mpaka asali ilegee. Gladwell aliwaita wateja waliokuwa wamerudisha, mmoja mmoja, akawaambia mbele yake, "Mimi ndiye niliyekosea, si mama huyu." Chupa zenye herufi kubwa zikarudi kwenye kaunta, mbele kabisa. Ciakuthii alitoka dukani akiwa amenyoosha mgongo.

Mwezi uliofuata wafugaji wa nyuki walikutana. Wanunuzi walikuwa wamekuja kuonja. Mmoja wao, mtu wa sauti kubwa, aliinua chupa ya Njue na kuitikisa.

"Angalieni ilivyo nyepesi. Asali iliyotiwa maji huwa nyepesi. Hii ni nyepesi. Huyu ametia maji."

Njue aliinama. Wengine wakaanza kunong'ona.

Ciakuthii alisimama. Nthiga, aliyekaa nyuma na wazee, alimwona akiweka shuka lake sawa begani.

"Ni maji peke yake yanayofanya asali kuwa nyepesi?" aliuliza.

"Ehe... sijui," mnunuzi alisema.

"Mimi najua. Hata asali iliyovunwa kabla nyuki hawajaifunika kwa nta huwa nyepesi, na hapo hakuna aliyetia maji. Njue, ulivuna masega yaliyofunikwa?"

"Mengine yalikuwa wazi," Njue alisema. "Niliharakisha."

"Basi kosa lake ni haraka. Mwambieni asubiri nta. Lakini mlaghai msimwite, kwa sababu maneno yenu hayajafika huko."

Mnunuzi aliiweka chupa chini taratibu. "Mama, umesema kweli," alisema. Kisha akamgeukia Njue na kumuuliza ni lini atavuna tena.

Mzee mmoja alimgusa Nthiga kwa kiwiko. "Yule ni nani anayeongea hivyo?"

"Yule?" Nthiga alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Yule ni Ciakuthii. Ni mke wangu."